Barua ya wazi kwa wakuu wa tuzo ya vijana: mfumo wa ubora uanzie huko juu

Wakuu wa makao makuu, wajumbe wa bodi, pamoja na nyie mliokabidhiwa kazi ya kuandika huo mfumo mpya wa kusimamia ubora, salaam.

Rasimu imetufikia sisi viongozi wa vituo ambako vijana wanafanyia programu ya tuzo, na nimeisoma yote mpaka viambatisho. Niweke wazi mapema ili msije mkasema huyu naye anapinga kila kitu, mimi huu mfumo siupingi, tena umechelewa, maana kuna mambo kwenye vituo vyetu yanaenda kienyeji mno na kila mtu anayajua ila tunanyamaza, wote ni watu wa kujitolea, sasa nani ataanza kumnyooshea kidole mwenzake anayetoa jumamosi zake bure. Shida yangu ni kwamba ulivyoandikwa unaangalia chini tu. Unakagua kituo, unakagua kiongozi wa kituo, mtathmini, mpaka daftari la kijana, halafu ukikaribia mlango wa makao makuu unakata kona. Kurasa zote zile hakuna hata kipengele kimoja kinachosema ofisi yenyewe itapimwaje. Mkuki kwa nguruwe huo.

Naomba uanzie kwenu. Sio kwa kukomoana, ni kwa sababu ukichukua tatizo lolote la ubora kule kituoni ukauliza limetoka wapi, ukapewa jibu ukauliza tena, mara nyingi unajikuta umefika kwenye meza ya mtu aliyeko juu.

Nitoe mfano. Fungueni daftari la mtandaoni la kikundi cha shaba, ngazi ya kwanza kabla ya fedha na dhahabu, mkasome pale mtathmini, yule anayemfuatilia kijana kwenye shughuli aliyoichagua, anapoandika maoni yake kijana akimaliza sehemu. Mimi nimekaa nikasoma ya kikundi kizima. "Mshiriki amejitahidi sana na ameonyesha nidhamu." Anayefuata, mshiriki amejitahidi sana na ameonyesha nidhamu. Binti aliyejifunza kushona, kijana aliyekuwa anafundisha watoto hesabu, yule wa mpira wa kikapu, wote wamejitahidi sana na wameonyesha nidhamu, tarehe ni ile ile moja, na kuna mmoja kabandikiwa jina la mwenzake katikati ya sentensi, maana aliyekuwa anakopi na kupesti alichoka kubadilisha. Kwa rasimu yenu hiki kituo kingepata alama zote, swali linasema tu "je, maoni ya mtathmini yamejazwa?" Yamejazwa ndio. Tiki, twende mbele.

Sasa tuulize kwa nini. Mtathmini wa ushonaji yupo, ni fundi mzuri tu na ana jicho kali, ukikaa naye atakuambia huyu binti alikuja hajui hata kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani na sasa hivi anashona kola ikakaa. Maneno kama hayo ndiyo tunayoyatafuta. Ila yeye hajawahi kuambiwa kwamba hayo ndiyo yanatakiwa, na hajaambiwa kwa sababu semina ya watathmini haikufanyika, na haikufanyika kwa sababu pesa yake ilihamishiwa kwenye sherehe ya kukabidhi vyeti. Halafu akaunti yake kwenye mfumo nayo haikufunguliwa kwa wakati, maombi yalikaa ofisini mpaka kijana akamaliza muda wake, kwa hiyo kiongozi wa kituo akaamua kukaa usiku akajaza mwenyewe kwa niaba ya kila mtu ili vijana wasikose kupanda jukwaani. Mtamwadhibu nani hapo? Mkaguzi akija atamwandika kiongozi wa kituo, na kiongozi wa kituo ataacha, na nyie mtatafuta mwingine ambaye mtamfanyia hivyo hivyo.

Tukumbushane kidogo tunachokisimamia. Programu nyingi kama yetu mzizi wake ni ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip kwa msukumo wa mwalimu Kurt Hahn, na mtu wa kwanza kuiendesha alikuwa John Hunt, kiongozi wa msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Hunt mwenyewe kileleni hakufika, waliofika ni Hillary na Tenzing, kazi yake kubwa yeye ilikuwa kupanga kambi, mizigo, oksijeni na watu ili wengine wapande na warudi wazima. Nikiambiwa nieleze kazi ya makao makuu ya tuzo ya vijana mimi nitaishia hapo hapo.

Kijana wa miaka 14 mpaka 24 anajichagulia mwenyewe cha kufanya kwenye huduma, ujuzi na mazoezi ya mwili, wastani wa saa moja kwa wiki, anafanya safari ya changamoto na kikundi chake, na wa dhahabu anaongeza siku 5 na usiku 4 za kuishi na kufanya kazi na watu ambao hajawazoea. Hashindani na mtu. Na hapa ndipo wataalamu wa ubora wanapopata tabu wakija na vipimo vya kiwandani, kiwandani unataka vitu vitoke vinafanana, huku kwetu havitakiwi kufanana kabisa. Kijana anayetumia kiti mwendo akapangiwa njia inayomfaa na kijana aliyebeba begi akapanda mlima, kama kila mmoja amefikia lengo alilojiwekea na limemtoa jasho, wote wana shaba halali. Kinachotakiwa kifanane ni mazingira tuliyompa, kwamba alikuwa na mtu mzima aliyefunzwa, lengo aliliweka yeye mwenyewe na sio kuandikiwa, akilegea kuna mtu alimuuliza vipi mbona kimya, hakupewa cheti cha huruma, na alirudi nyumbani salama. Hivyo vyote vinapimika jamani. Sema vinapimika kwa kuongea na watu zaidi kuliko kwa kuhesabu karatasi.

Ndo maana ile idadi ya beji kwa kila kituo kwa mwaka mliyoiweka kwenye malengo naomba mwitoe. Itoeni kabisa, msiipunguze. Mtu akishajua anapimwa kwa idadi ya beji atapika data, na atapika vizuri sana, hamtakaa mjue. Kama lazima kuwe na namba basi tuangalie walioanza na waliomaliza, na wale walioacha katikati ni wangapi walitafutwa wakaulizwa kwa nini. Hawa walioacha hawamo popote kwenye rasimu. Mmeweka dodoso la kuridhika kwa wanaopokea vyeti, sasa mtu anapokea cheti, mama yake yupo pembeni anapiga picha, atakuambia hajaridhika? Mpigieni simu yule aliyeacha mwezi wa pili, muulize swali moja tu, halafu mnyamaze mumsikilize.

Safari ndiyo inanitia hofu zaidi kuliko vyote. Shaba ni siku 2 na usiku 1, fedha siku 3 usiku 2, dhahabu siku 4 usiku 3, vijana wanne mpaka saba wanajitegemea wenyewe na msimamizi anawafuatilia kwa mbali. Kuna kikundi kimoja kilifika mtoni kikakuta maji yamepanda na yamekuwa ya tope, binti aliyeshika ramani akasema hatuvuki, wakabishana pale kweli kweli maana kambi ilikuwa ng'ambo tu wanaiona, mwisho wakageuza wakarudi mpaka kwenye njia mbadala waliyokuwa wameiandika kwenye kadi ya njia, giza likawa linakaribia msimamizi akawasitisha. Kwangu mimi ile ni moja ya safari bora kabisa nilizowahi kuziona. Vijana walipanga njia ya akiba kabla hawajatoka, wakasikilizana, wakaacha kitu walichokitaka sana kwa sababu ya kulindana. Sasa fomu mpya ina visanduku viwili tu, imekamilika na haijakamilika, na asilimia ya zilizokamilika inaingia kwenye alama za kituo! Mchukueni msimamizi mgeni, ana presha ya alama, kituo chake mwaka jana kilionywa, mumsimamishe kwenye ule mto. Mnataka awe anafikiria nini pale?

Wekeni kisanduku cha tatu, safari iliyositishwa kwa uamuzi sahihi, na isimpunguzie mtu chochote, kijana ataenda tena safari nyingine atakamilisha. Pia kuwe na njia nyepesi ya kuripoti yale ya nusura, mtu kateguka, kikundi kimepotea, jiko la gesi limelipuka moto kidogo likazimwa, ripoti fupi, hata kwa meseji, bila kumtafuta mchawi, na nyie huko juu mzikusanye mturudishie sote tujifunze. Kituo ambacho mwaka mzima hakina hata tukio dogo la kuripoti ndicho mngeanza kukitembelea, ila kwenye rasimu ndicho kinapewa nyota.

Halafu kuna hili la uzito wa alama, hili nilivyoliona nikarudia kusoma nikidhani macho yangu. Kila kipengele kina alama 1 mpaka 5. Msimamizi wa safari kuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza, alama 5. Bango la kituo kuwa na logo toleo jipya, alama 5. Yaani kituo kikipata alama ya chini kabisa kwenye huduma ya kwanza kinaweza kufidia kwa logo na kwa kutunza folda vizuri. Ulinzi wa mtoto, idhini ya mzazi, kumchunguza mtu mzima kabla hajakabidhiwa vijana, bima, huduma ya kwanza, haya hayapewi alama. Haya yapo au hayapo. Yasipokuwepo kituo kinasimama, na ofisi inakuja kusaidia yapatikane, basi. Haya mengine ya kukua taratibu ndiyo mtupimie kwa ngazi, na logo mnaweza hata mkaisahau tu.

Najua jibu litakalokuja, kwamba mfumo umefuata ISO 9001 na hatuwezi kuchezea kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora. Sawa, tuongee hiyo ISO. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1987 na likabadilishwa mara kadhaa, na toleo la 2015 liliondoa lile sharti la kuwa na kitabu cha mwongozo wa ubora, likaondoa na kile cheo cha mwakilishi wa menejimenti ambaye kila kitu cha ubora kilikuwa kinatupiwa yeye, mzigo likaurudisha kwa uongozi wa juu wenyewe. Rasimu yenu imefanya kinyume chake, imeleta kitabu kinene na ikaunda nafasi ya afisa ubora mmoja ambaye namuonea huruma tayari. Na hata Deming, yule mtaalamu wa ubora wa Marekani ambaye kila semina ya ubora lazima atajwe, alisisitiza kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya kasoro inatokana na mfumo, na mfumo ni kazi ya menejimenti, sio ya mtu wa chini. Ule mzunguko unaoitwa kwa jina lake, wa panga, tenda, kagua, rekebisha, mmeuchora vizuri kwa rangi pale mwanzoni, ila nikifuata maelezo naona unaishia kwenye kagua. Nani anarekebisha, kwa pesa gani, kwa muda gani, hakuna. Ripoti ya ukaguzi inapelekwa kwenye kamati, kamati inaipokea. Tumezoea hizo kamati za kupokea.

Kwa hiyo sura ya kwanza ya mfumo iwe ya ofisi. Barua pepe ya kituo ijibiwe ndani ya muda fulani, mtautaja wenyewe, sisi hatuwapangii, ila mkiutaja mshikilie. Taarifa ya safari tunayoituma iwe na jibu kabla ya safari, maana sasa hivi tunatuma mapema inavyotakiwa halafu kimya, na siku ya kuondoka unabaki unajiuliza ukimya ni ruhusa au vipi. Akaunti za watathmini zifunguliwe kijana akiwa bado anaendelea. Vyeti vitoke kijana akiwa bado anavihitaji kwa maombi ya chuo au kazi, kuna vijana wetu wameshaanza kazi ndo wanapigiwa simu waje wachukue. Pesa ya mafunzo isiguswe kwa ajili ya sherehe. Malalamiko yakija kuhusu ofisi yasijibiwe na yule yule anayelalamikiwa. Na sisi wa vituo ndio tuijaze fomu ya kuipima ofisi kila mwaka, bila majina kwa anayetaka, matokeo yawekwe hadharani kama mnavyotaka ya kwetu yawekwe.

Kuhusu ukaguzi wenyewe nitakuwa mkweli, ziara ya kuambiwa mwezi mmoja kabla ni funika kombe mwanaharamu apite. Kila mtu anajua inavyokwenda, folda zinapangwa, vijana wanaojieleza vizuri wanaitwa, wale wakimya wanaambiwa leo msije. Mimi ningependa viongozi wa vituo tutembeleane wenyewe kwa wenyewe, yule wa kituo cha shule aende kituo cha mtaani, wa mtaani aende kwenye kile cha vijana walioko kizuizini, mtu anayefanya kazi ile ile haraka sana anagundua pengo na hamtishi mtu. Anachagua madaftari yeye bila kuchaguliwa, anakaa na vijana wachache mahali pa wazi watu wanapoonekana, anauliza vitu vya kawaida, lengo lako lilikuwa nini, nani alikusaidia kulichagua, umewahi kutaka kuacha, ilikuwaje. Dakika chache tu unajua. Kijana akikuambia lengo lake kwa maneno yake mwenyewe unajua hapa kuna kiongozi, akikuambia "mwalimu aliandika" unajua pia.

Na tafadhali msitupange vituo kwa nafasi, cha kwanza mpaka cha mwisho. Programu ambayo inamwambia kijana hushindani na mtu haiwezi kuwashindanisha watu wazima wanaomlea, na isitoshe kituo chenye vijana wa kizuizini kitakuwa mkiani kila mwaka wakati labda ndicho kinafanya kazi ngumu kuliko sisi wote.

Fomu. Nimehesabu mpya zote, sitawachosha kwa idadi, naomba tu kila mpya ikiingia mbili za zamani zife. Ile ya mahudhurio ya karatasi na ile ya mtandaoni zina taarifa zile zile, tunajaza kote kote kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia tuache.

Mmesema majaribio yatakuwa ya miezi 6 halafu mfumo unaenda nchi nzima. Jamani. Shaba peke yake kima cha chini ni miezi 6, kijana anayeanza moja kwa moja na fedha anahitaji si chini ya miezi 12 na wa dhahabu 18. Majaribio yenu yataisha kabla hajamaliza hata mmoja wa fedha aliyeanza nayo siku moja, mtakuwa mmeona uandikishaji na mwanzo mwanzo tu, ile sehemu ambayo kila mtu bado ana moto. Ubora unapotea katikati, kiongozi kahamishwa kazi, aliyepokea hajakabidhiwa kitu, vijana wamekaa tu. Chukueni vituo vichache vya aina tofauti, vikubwa kwa vidogo, mkae navyo angalau miezi 18, na mruhusu vibadilishe fomu njiani kama haifai. Kama mfadhili anataka matokeo haraka mwelezeni mfadhili. Hiyo nayo ni kazi ya ofisi, kutukinga sisi na haraka za watu.

Nimesikia rasimu inapitishwa kwenye kikao kijacho cha bodi. Naomba isipitishwe mpaka iwe na ile sura ya ofisi, na pembeni ya kila ahadi pawe na cheo cha mtu atakayeulizwa. Baada ya hapo kituo chetu kiwekeni cha kwanza kwenye orodha ya kukaguliwa, sina shida, njooni hata bila taarifa, vijana wapo kila jumamosi asubuhi. Ila mkija mje na fomu yenu ikiwa imeshajazwa na sisi, tukae meza moja, mtusomee yetu na sisi tuwasomee yenu.

Ni mimi,
Kiongozi wa kituo, wa kujitolea